Nani Alimwitikia Costancia

Jumatatu, 17 Machi 2025 — Mikumi

Mwalimu Melkizedek hatunaye. Alfajiri ya leo, kwake Magomeni kule Kilosa, usingizini. Miaka tisini na mitatu.

Yeremia, kitinda mimba wake, ndiye aliyepiga simu. Nilikuwa namenya vitunguu vya mchana, basi nikalia na hakuna aliyeniuliza. Wateja wenyewe wachache, Ramadhani hii. Madereva wa malori wanapunga mkono tu na kupita.

Yeremia aliniita "Sesilia" mara tatu kwenye simu kabla sijajibu. Mimi siitiki kwa mara ya kwanza. Vitalis, mume wangu, ananitania tangu tuoane — eti ameoa pikipiki ya zamani, haiwaki mpaka uipige kiki nyingi. Hajui sababu. Hakuna anayeijua. Au nilidhani hivyo.

Maana Yeremia kasema mzee aliacha neno: wasifu wake kanisani nisome mimi. Mimi! Amefundisha wakurugenzi, mapadri, na daktari mmoja. Halafu asome mama lishe wa Mikumi.

Nimejibu sawa. Ningejibu nini?

Jumanne, 18 Machi — Kilosa

Nimefika saa sita. Mvua njia nzima, tope mpaka kwenye vioo. Kina mama wamenipokea kwa kilio, nikalia nao, kisha nikapewa kisu nikate kabeji. Afadhali. Mikono ikipata kazi, kichwa kinapunguza kelele.

Jikoni wanasimulia mambo ya barazani. Kumbukumbu zilipoanza kumpotea, Mwalimu alikuwa anakaa barazani kila asubuhi na kuita majina ya darasa la sita la mwaka 1983. Majina arobaini na moja, kwa kichwa, bila kukosea mpangilio. Majirani wanaopita na ndoo waliitika "nipo" badala ya wenye majina, kumfurahisha tu. Anasema "vizuri", anaendelea. Ila namba kumi na mbili aliwakataza wasimwitikie. Anaita Costancia, ananyamaza, anasubiri, ndipo anaita wa kumi na tatu. Wanaeleza huku wanacheka, kwa upendo. Mimi nimejikata kidole.

Niliyasikia mwenyewe mwaka juzi, nilipokuja kumjulia hali. Alipofika kwa Costancia akanyamaza, akanigeukia. Macho yalishafunga ukungu, lakini alinitazama. Nikaaga, nikasema nawahi gari. Gari lenyewe lilikuwa la saa tisa na bado ilikuwa saa tatu asubuhi.

Ngoja niandike, sijawahi kuandika.

Machi 1983. Mimi na Costancia tulikaa dawati moja. Tulikuwa na mpango, kama watoto wengi: mmoja akitoroka, mwenzake anamwitikia. Mwalimu alipoita majina hakuinua kichwa, alipiga mikwaju tu kwenye daftari la mahudhurio. Siku ile Costancia alitaka mapera ya ng'ambo ya mto Mkondoa. Nikaitika "nipo" yake kwa sauti nyembamba, baadaye nikaitika yangu kwa sauti yangu.

Mjini jua kali. Lakini milimani ilishanyesha, na watu wakaanza kusema maji yanashuka. Saa nne mama yake Costancia akaja shuleni mbio kumuulizia. Mwalimu akafungua daftari: yupo, ameitika, darasa liko shamba la shule. Mama wa watu akarudi nyumbani ametulia. Maji yalifika saa sita. Saa mbili nzima mtu angeweza kwenda kumchukua mtoto kwa mkono! Walianza kumtafuta jioni. Tulimzika Jumamosi.

Mwalimu aliuliza darasani mara moja tu: "Nani alimwitikia Costancia?" Kimya. Hakuchapa mtu, hakuuliza tena. Wakamwita mzembe, wakamvua ualimu mkuu msaidizi, wakamhamishia Ruhembe kwenye miwa. Alipostaafu akarudi hapa hapa Magomeni, nyumba nne kutoka kwa Mama Costancia. Alimsalimia kila siku. Mama yule hajawahi kumjibu.

Na mimi nilinyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Halafu nikawa na ishirini, na thelathini, na bado nikanyamaza. Kisingizio cha utoto nilikimaliza zamani.

Jumatano, 19 Machi

Yeremia ameniita chumbani kwa mzee. Akafungua sanduku la bati, akanipa wasifu. Mwandiko wa Mwalimu mwenyewe, ule wa kuegemea kulia. Aliuandika miaka kumi iliyopita, akili timamu. Kuzaliwa, shule ya misheni, ndoa, watoto. Kisha: "Mwaka 1983 nilihamishwa kwenda Ruhembe. Sababu:" — na chini yake mistari minne mitupu. Halafu anaendelea na kustaafu.

"Nilimuuliza baba mbona hapa hukujaza," Yeremia akasema. "Akaniambia Sesilia atajaza."

Alisema hivyo akiangalia dirishani. Alikuwa na miaka mitano walipopakia vitanda kwenye treni ya kwenda Kidodi, wahamie Ruhembe. Amekua akiitwa mtoto wa mwalimu aliyezamisha. Sasa ana watoto wake, nao wanaitwa wajukuu wake huyo huyo.

Ndani ya sanduku kulikuwa na kitu kingine, kimefungwa kwa kitambaa cha mezani. Daftari la mahudhurio. Nakumbuka wakaguzi walivyolitafuta, naye akasema limepotea. Karatasi zimekuwa rangi ya chai. Namba kumi na mbili, mkwaju. Namba thelathini na nne, jina langu, mkwaju. Na pembeni, kwa penseli, herufi ndogo sana: "Sauti hii nimeisikia mara mbili."

Nikakaa kwenye kitanda chake, godoro bado lina bonde lake.

Aliandika lini? Kama ni baadaye, basi alinijua, akanificha, akabeba peke yake. Lakini kama ni asubuhi ile ile, wakati anaita majina, basi alijua lile dawati lina mtoto mmoja. Na mama wa watu alipokuja, akamwambia yupo. Labda aliwaza fimbo ambazo mwalimu mkuu angenichapa, akanionea huruma. Labda alipanga kunisema mwenyewe kesho yake. Nimeigeuza ile karatasi kwenye mwanga mara kumi. Penseli haisemi saa.

Ndiyo maana alikataza wasimwitikie? Alikuwa anasubiri nani aitike?

Alasiri akaja Mama Costancia. Miaka sabini na sita, amebeba mwavuli mweusi, hakuingia ndani. Nilimkuta nje ya turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia wewe ndiye utasoma."

"Ndiyo, mama."

Akanishika mkono, kidole chenye plasta. "Ulikuwa rafiki yake. Usimsafishe huyu mzee. Mtoto wangu hakuitika siku ile. Yeye alisema ameitika."

Nikasema ndiyo mama. Ndiyo mama! Ndicho nilichopata kusema. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Alfajiri nilikuwa nachota maji nikasikia majina yanaitwa. Sauti yake kabisa. Wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Nikatoka na ndoo mkononi. Kiti cha barazani kitupu, kimelowa. Nikasimama pale nisubiri wa kumi na mbili, kama mjinga. Hakuitwa.

Saa nane sasa, kanisani. Naandika juu ya goti, nyuma ya kitabu cha nyimbo. Jeneza liko mbele, kwaya inaimba wimbo wa pili, baada yake ni mimi. Mistari minne bado mitupu. Nimejaribu tangu jana: "kwa sababu za kikazi," nikafuta. "Kwa kosa la mwanafunzi," nikafuta. Karatasi imetoboka. Basi sijazi. Nilidanganya kwa mdomo, nitasema kwa mdomo.

Ikiwa nitaweza. Yeremia ana haki ya kusikia. Yule mama ana haki zaidi, na akishasikia sijui atanifanyia nini. Wala sijui nitamwambia nini kuhusu ile penseli.

Kwaya imemaliza. Mama Costancia anainuka! Kiti cha nyuma kabisa. Hataki kusikia marehemu anasifiwa. Anapita kati ya watu, anaelekea mlangoni, anatafuta mwavuli wake kwenye rundo la miavuli.

Yeremia ameshika kipaza sauti. Ametaja jina langu.

Nimesema "nipo". Kwa nguvu, mara moja tu alipoita. Kanisa zima limegeuka, Vitalis, aliyefika na basi la asubuhi, amenikodolea macho. Nimesimama, kalamu bado mkononi. Mama Costancia ameacha kutafuta mwavuli. Amesimama mlangoni. Bado hajageuka —