Mzuiaji Akiwa Benchi

Jumamosi usiku, Glenwood

Bega limevunjika kweli. Otieno, mrushaji wetu, huenda asicheze tena futiboli ya Kimarekani.

Nilitazama yote nikiwa benchi. Asubuhi kocha aliniambia, "Wewe hudaki mipira, unasukumana tu." Nafasi yangu akampa Sipho, mdakaji hodari. Jitu la wapinzani lilipokuja mbio, Sipho alipaswa kulizuia. Akaliacha lipite. Otieno alikuwa anatazama upande mwingine, akitafuta wa kumrushia, likamgonga begani.

Misimu yote hii nimepigwa kumbo mimi ili yeye asiguswe, na sijawahi kupongezwa. Leo ningekubali kudharauliwa hivyo hivyo, mradi niwe uwanjani.

Kwenye ambulensi alinishika mkono. "Eish, bro. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapo hapo, nimekaa.