Mlango wa Chumba cha Mbao

Msamala,
Songea.
16 Februari 2025.

Mpendwa kaka Aidan,

Salaam nyingi zikufikie huko Doha. Vipi mgongo wako, umepata nafuu? Na bosi wako, bado ana roho ileile ya kumnyima mtu ruhusa ya kumzika baba yake? Nisamehe, nilijiapiza nisianze na hasira. Sisi huku tunaamka na tunapumua. Zaidi ya hapo sina la kujisifia. Mvua haijatupa nafasi tangu Mwaka Mpya na nyumba nzima inanuka nguo mbichi.

Mama yako anaendelea. Presha imeshuka kidogo, anakula ukimkalia karibu. Kila asubuhi anachukua ufagio anaenda kufagia karakana, na hakuna maranda ya kufagia, maana hakuna anayepiga randa. Namwacha tu.

Barua hii anakuletea Raphael, yule kijana wa jirani zetu anayerudi kazini huko. Kwenye simu nimeshindwa. Nikianza unalia, nami nalia, kifurushi kinakatika tukiwa hatujasema kitu. Na najua baba mdogo Urbani ameshakupigia akakuambia kwamba nilitaka kumzika baba yako kama maskini asiye na ukoo. Hakukudanganya kwa alichokiona. Ila ameianza habari katikati, na mimi nataka uipate tangu mwanzo.

Kazi yangu unaijua, maana wewe ndiye uliyenibatiza jina la Mama Ushauri. Nawashauri wenye biashara ndogo wafanye kazi bila kumaliza kile kinachowalisha. Mwanzoni niliwaita maseremala wa hapa Msamala kwenye semina, nikawaeleza mninga unavyokwisha porini na watoto wao watakavyokosa hata kipande cha kuchongea mwiko. Walinisikiliza kwa adabu zote, wakala sambusa zangu, wakarudi kununua mbao zile zile za magendo. Sikuwalaumu. Nilikuwa nawaambia waache mninga, na cha kushika badala yake sikuwa nacho mkononi.

Baba yako, mjomba Egidi, ndiye aliyeniambia, akiwa na penseli yake sikioni, "Mwanangu Walburga, peke yako utaongea mpaka ukauke koo. Tafuta wenzako." Nikawatafuta. Kule Mpitimbi nikampata mzee Bakili na wenzake, wana mashamba ya misindano, ile misonobari ya kupandwa, lakini kwa kukosa mnunuzi wanaikata ikiwa michanga iende kushikilia zege kwenye ujenzi. Peramiho nikampata Ildefonsi, fundi mpole anayejua kukausha mbao kwa jua ndani ya chumba chenye paa linalopitisha mwanga. Tukakaa pamoja na maseremala, tukakubaliana. Wa Mpitimbi wanaacha miti ikomae, Ildefonsi anakausha, maseremala wanachukua mbao hapo na kuachana na mninga wa porini, na mimi natafuta wateja. Kila mmoja alikuwa ameshajaribu kivyake akashindwa. Chumba kikajengwa nyuma ya karakana ya baba yako, na shule moja ya huku ikatuagiza madawati.

Ukatusumbua mlango wake. Ndani joto, nje mvua, na hatukuwa bado na mbao zilizokauka. Wa kwanza ukajikunja kama chapati. Wa pili ukapasuka. Hewa ya mvua ikawa inaingia, mbao zinaota ukungu, na Bakili ameanza kuguna kwamba watu wa mjini wamemtia hasara.

Sasa kumbuka zile mbao za mninga ambazo baba yako alikuwa ameziweka darini. Tukiwa watoto tulikatazwa hata kuzinyooshea kidole, kwa kuwa zilikuwa za jeneza lake, kama wazee wengi wa huku wanavyojiwekea. Siku moja nimefika karakanani nikazikuta juu ya meza, anazipima. Nikashtuka. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nikifa mtanitia kwenye msindano," akasema. "Lakini uwe umekauka vizuri, nisije nikapinda humo ndani." Ildefonsi alikuwapo, alisikia. Mlango ukasimama, ukafunga kimya kama mlango wa sakristia, na mbao zikaanza kutoka zikiwa zimenyooka.

Kosa lake baba yako ni hilo tu. Neno kama lile alitakiwa alitamke mbele ya kaka na wadogo zake, ukoo ukiwa umekaa. Akalisema mbele ya mpwa wake na fundi wa kutoka Peramiho, akiwa anacheka. Mara ngapi nilimkumbusha! Alinijibu kwamba Urbani atanuna bure, atamwambia akipata siku nzuri. Siku nzuri haikuja. Ulikuja moyo, ukamwangusha pale pale kwenye meza ya randa, na kufika hospitali alikuwa ameshatutoka.

Wazee wakapanda darini kuchukua mbao, wakakuta vumbi. Kelele ikawa kwangu. Nikaeleza. Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Walburga, mama yako ni dada yetu na wewe tumekulea hapa. Lakini wewe ni wa kina Haule. Maneno ya hapa ni ya kina Mbano." Ildefonsi akajaribu kusimama, akaambiwa fundi hana kauli msibani. Na ningeweza kumchukia baba mdogo, kaka, kama asingekuwa analia. Alisimama uani, mvua inamnyeshea, akapaza sauti, "Huyu amewatengenezea masanduku watu wa mtaa huu wote, kwa mninga! Leo yeye tumtie kwenye mbao za kupigia zege?"

Mama yako alikuwa ndani, amezungukwa na wanawake wa jumuiya. Nilimwendea nikapiga magoti. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Najua alichosema. Hata mimi aliniambia. Lakini nitabaki na shemeji zangu, mwanangu, na wewe utarudi kwenye shughuli zako." Nikainuka nikatoka. Hilo neno lake bado linaniuma, na linaniuma kwa kuwa ni la kweli.

Wanaume wa ukoo walishika mtaimbo waubomoe mlango wapate mbao za jeneza. Ildefonsi akawaomba wamwachie. Akafungua bawaba yeye mwenyewe, taratibu, skrubu moja baada ya nyingine, kama anamvua mgonjwa nguo. Maseremala walewale tuliokubaliana nao wakaukata, wakatengeneza jeneza, na walikuwa hawanitazami. Matundu ya skrubu wakayaziba kwa unga wa mbao na gundi. Kanisani, nilipopita kumuaga, niliyaona pale kwenye kifuniko, karibu na msalaba. Kwa hiyo ukisikia kwamba baba yako alizikwa kwa mninga, ni kweli. Amelala ndani ya mlango wetu.

Kuna jambo ambalo baba mdogo hakulijua, na nadhani hata leo halijui. Asubuhi ya maziko Bakili na wenzake walifika na pikapu, wamepakia mbao za msindano zilizotoka chumbani kwetu, wamezichagua nzuri kabisa zisizo na jicho la tawi hata moja. Walikuwa wamesikia lile neno la baba yako, wakataka wao ndio wamletee. Bakili alinikuta getini. Nyundo zilikuwa zinasikika. Akauliza, nikamwambia. Aliziangalia zile mbao, akavuta turubai akazifunika. Akasema, "Kama hata mzee Egidi hazimfai, hiyo shule itazitaka za nini?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Walikaa nyuma kabisa kanisani na kofia zao mkononi, wakazika, wakageuza gari na mbao zao.

Tangu hapo hapokei simu yangu. Nimesikia wameanza tena kukata miti michanga. Maseremala wawili wamerudi kwenye mninga; mbao zinaletwa gizani kama zamani. Ildefonsi anakuja bado, ila hana cha kufanya. Tumefunga turubai mahali pa mlango, hewa ya mvua inapita, na mbao za madawati zimeanza ukungu. Mwalimu mkuu wa ile shule amenipigia kwa upole akisema watangoja mpaka Pasaka, si zaidi. Mimi naenda kwenye vikao na kuwaambia watu wengine kwamba ushirikiano ndio unaomfanya mshauri awe na maana, na nikimaliza kusema nasikia aibu, kwa kuwa wa kwangu umesambaratika nikiutazama.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Baba mdogo amepata mtu wa kununua mashine na uwanja wote wa karakana. Anasema anafanya hivyo kwa ajili ya mama yako, na sidhani kama anadanganya. Lakini mwenye mali ni wewe. Ukikubali, mashine zitaondoka na chumba kitavunjwa, na huo ndio utakuwa mwisho wa ile kazi, maana hakuna seremala mwingine ambaye wale wengine watakusanyika uani kwake. Ukikataa, huenda nikaenda Mpitimbi na kumwambia Bakili kwamba mtoto wa Egidi amesema bado. Simwahidi mtu kwamba atanifungulia.

Sikuombi hela, kaka, na mlango tutaupata. Naomba neno lako, na ulitamke kwa baba mdogo mwenyewe, kwa sauti yako, ukoo ukiwa umekaa. Waambie waweke simu kwenye spika wasikie wote. Usirudie kosa la baba yako kwa kunijibu mimi peke yangu.

Mama yako anakusalimu na anasema uvae kitu shingoni hata kama huko ni joto. Dada Hilda na watoto wake wanakusalimu. Oliva, binti yake, amefaulu kuingia kidato cha kwanza na anauliza kama unamkumbuka. Baba mdogo naye anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, akainama, akasema, "Mwambie nilimzika vizuri." Ndiyo hivyo nakuambia.

Jana jioni nilikwenda nyuma kuangalia mbao. Turubai lilikuwa linapigwa na upepo. Nilifika, nikasimama, na kabla sijajua ninafanya nini nikajikuta nimesema, "Hodi." Kama siku zote, baba yako alipokuwa ndani anageuza mbao. Nilingoja kabisa aitike, kaka.

Mungu akulinde ugenini na akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Walburga