Uliza Kwanza Mama Yake Yuko Wapi

Glenwood, Durban
4 Machi 2012

Papa mpendwa,

Bwana asifiwe. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, sukari imeshuka? Sisi tuko wazima. Saluni inaenda, na Larissa ameingia darasa la tano.

Nakuandikia kwa sababu umetibu mifugo ya watu hapo Uvira miaka thelathini. Larissa alipofikisha miaka kumi na moja nilimnunulia shuga glaida. Ni mnyama wa kuishi mitini, anaenea kiganjani, ana ngozi kati ya mkono na mguu, na akiruka anapaa kama karatasi. Huku iko watu wanaomfuga nyumbani. Nilimpata kwa mwanaume mmoja kwenye parking, amemtia ndani ya boksi. Sikuuliza kitu. Siku ya tisa miguu ya nyuma ililegea, ya kumi akafa. Larissa aliniuliza kama nilichunguza kabla ya kununua, nikasema ndiyo. Nadhani hakuniamini. Sasa ananijibu neno moja moja tu.

Nataka kumtafutia mwingine, naogopa. Muuzaji mzuri anajulikanaje?

Binti yako,
Colette

Uvira
9 Aprili 2012

Mwanangu Colette,

Barua yako Térence, kijana wa posta, ameileta mpaka mlangoni. Mgongo unanisumbua mvua ikinyesha. Mama yako analalamikia kila kitu, maana yake ni mzima.

Huyo mnyama sijamwona hata kitabuni. Lakini muuzaji ni muuzaji, awe na mbuzi au sungura. Uliza kwanza mama yake yuko wapi. Akikuonyesha wazazi, macho yao maangavu, manyoya hayana mabaka, kaa umsikilize. Nusa wanapolala. Uliza wanakula nini, waliacha kunyonya lini, daktari gani anawaona. Anayekuharakisha, muage. Ukimpata anayekuuliza wewe maswali mpaka unachoka, huyo ndiye.

Na mtoto mwambie ukweli.

Papa yako

Glenwood
27 Mei 2012

Papa,

Salamu nyingi, na pole ya mgongo. Larissa alikuwa na mafua, yamepita.

Tulienda kwa muuzaji wa kwanza. Wanyama wako garage, harufu inachoma macho. Nikauliza mama yao yuko wapi. "Wazazi wako shamba," akasema, "chukua haraka, kuna mtu anakuja." Mmoja alikuwa amepoteza manyoya mkiani. Larissa akanishika mkono: "Mama, tumchukue huyu, atakufa hapa." Papa, nilitamani kumchukua. Lakini tukimlipa huyo muuzaji, kesho ataleta wengine. Nikamtoa mtoto nje analia.

Tukiwa tunangoja taxi akaniambia, "Yule wetu pia ulimwona hivi ukamchukua?" Nikamwambia: sikumtazama, sikuuliza, na nilikudanganya. Njia nzima aligeuzia uso dirishani.

Jumamosi nyingine tukaenda Morningside kwa mama mmoja wa Kihindi, wanamwita Auntie Saroj. Eish, maswali! Jioni wakiamka nani yuko nyumbani? Matunda na wadudu mtawapatia wapi? Mmeshawahi kufuga? Larissa akajibu, "Alikufa." Nikasema, "Kosa langu." Auntie akasema hauzi mmoja peke yake, wakiwa wapweke wanaugua. Hajakubali kutuuzia. Amesema turudi.

Colette wako

Uvira
2 Septemba 2012

Mwanangu,

Sisi wazima, na nyinyi? Miezi mitatu hatujapata neno. Mama yako anasema nilikuumiza.

Nilipokuwa kijana kazini nilipiga muhuri karatasi ya afya ya ng'ombe kumi na wawili bila kuwatazama. Mwenye ng'ombe alikuwa rafiki yangu, na mvua ilikuwa inakuja. Walipeleka ugonjwa kwa jirani, akabaki na zizi tupu. Jirani huyo alikufa sijamwambia ukweli. Ndiyo sababu nilikuandikia umwambie mtoto ukweli.

Kama mnyama hajapatikana, si neno. Andika tu.

Papa yako

Glenwood
14 Oktoba 2012

Papa wangu,

Bwana asifiwe, na unisamehe. Sikukasirika hata kidogo. Nilikuwa nangoja niwe na habari ya kukupa, na Auntie Saroj hana haraka na mtu.

Watoto wa hao wanyama walikuwa bado kwenye mfuko wa tumboni kwa mama yao. Akasema hawatoki kwake mpaka waweze kula wenyewe na daktari awapime. Kila Jumamosi Larissa alikwenda kujifunza kuwalisha. Mara ya kwanza alinijibu neno moja moja tu. Mara ya nne akaanza kunisimulia njiani, mpaka abiria wa taxi wakawa wanageuka kumsikiliza.

Jana ametupatia wawili, madada, na karatasi yenye majina ya wazazi wao. Larissa akamuuliza, "Tukishindwa, utawapokea?" Auntie akasema, "Hata usiku wa sikukuu." Mtoto ndipo akanyoosha mikono.

Jioni nilikuwa nasuka nywele za jirani, mmoja akaruka kutoka kwenye pazia akatua kichwani kwangu. Nikapiga kelele, kitana kikaruka huko. Larissa akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Mama, usitikisike," akasema, "anakuzoea." Nikatulia, Papa. Nilikaa hivyo hivyo, makucha yake kwenye nywele zangu, mtoto wangu ananiongelesha bila kukoma.

Binti yako,
Colette