Usimwamshe Dereva

Jumatatu

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi wazima, ila macho yangu ndiyo hayo: sindano siioni, natunga uzi kwa kupapasa. Daktari ananipasua Ijumaa. Kabla hajanifunga bandeji nataka nikuone uso, maana kupasuliwa jicho si kupasuliwa jipu. Naogopa, mwanangu.

Sasa nieleze. Jirani anasema lori lako lina kidude kinachomkataza dereva kuendesha. Kinajuaje umechoka? Kinakuhesabia miayo? Cherehani yangu haijawahi kuniambia nikalale.

Mama yako, fundi

Jumanne

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Kidude hakijui uchovu, kinajua kuhesabu. Nikianza kazi nina masaa kumi na manne. Ndani yake naruhusiwa kuendesha kumi na moja tu. Yakiisha, napumzika kumi mfululizo. Alhamisi jioni niko nyumbani. Uso nitauosha.

Mwanao

Jumatano

Marahaba, mwanangu.

Somo lako nimelipima mara mbili kama kitambaa. Maswali sasa. Wakiwa wanapakia mzigo, magurudumu hayazunguki, wewe umekaa tu. Masaa hayo si ya bure? Na hilo “mfululizo”, ina maana hata kuamshwa marufuku?

Mama yako

Alhamisi jioni

Shikamoo Mama.

Afya njema, moyo ndio mzito. Hakuna masaa ya bure. Ghalani walinikalisha tangu asubuhi hadi mchana wakimtafuta mtu wa kupakia, na kumi na manne yangu yanakwenda. Yameniishia hapa yadi ya malori, njia panda, mwendo mfupi tu kwa basi hadi kwako. Kuondoa lori siruhusiwi, kuacha mzigo wa watu siwezi. Nimelia, Mama. Ningeweza kujikaza, lakini mwenzetu aliyejikaza tulimzika.

Anayekuletea barua ni dereva mwenzangu, masaa yake bado anayo. Nazima simu nilale. Nisamehe.

Mwanao

Ijumaa alfajiri

Mwanangu,

Umeamkaje? Nimekuja na basi la kwanza, kisha naenda hospitali. Mlinzi amenionyesha lori lako. Nimepanda kingazi, nikachungulia: umelala mdomo wazi, vilevile kama utotoni. Mkono uliniwasha nigonge kioo. Nikakumbuka “mfululizo”. Nikikuamsha, si utaanza kuhesabiwa upya? Basi nimekutazama mpaka nikashiba.

Foronya niliyokushonea nimeifunga kwenye kioo cha pembeni. Mshono umepinda, usinicheke.

Mama yako

Ijumaa alasiri

Shikamoo Mama,

Hali yangu usiulize. Swali lako la pili nililiruka kwa haraka zangu, ona sasa! Mama, yale kumi ni ya kutofanya kazi. Kula ruhusa, kucheka ruhusa, kuamshwa ruhusa. Sheria imekataza kazi tu, mama haijamkataza. Ungegonga!

Mzigo nimeshusha. Niko kwenye benchi nje ya chumba chako, na nesi ameahidi kukusomea hii mwenyewe ukifungua kinywa kuuliza maswali. Jicho limepasuliwa salama. Ila umelala, na nesi anasema usiamshwe.

Basi nami nakutazama kwenye kioo cha mlango. Mdomo wako pia uko wazi.

Mwanao