Mtoto Asiyesumbua

Kijenge, 4 Machi 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, hofu ni kwako na hao ng'ombe unaowapenda kuliko sisi. Televisheni nimenunua, mama, ile unayoizima kwa kuzungusha kifungo, na mjukuu wako ameshajua kukizungusha. Msichana wa kazi nimemrudisha kwao, maana alikuwa anamsemesha mjukuu wako Kimeru tu. Mimi nilichekwa shuleni kwa matamshi yangu. Nice wangu ataongea Kiswahili kilichonyooka, kama watangazaji. Nikienda dukani namwachia uji, nafunga mlango, anabaki anawasikiliza. Hata mimi simsemeshi sana, nisije nikamharibu. Ametulia, hasumbui kabisa.

Mwanao, Penina

Poli, 20 Machi 1996

Mama Nice,

Marahaba. Huku wazima, mvua zimeanza, ni goti tu linalonikumbusha umri. Barua kaka yako Elisaria amenisomea mara mbili. Mtoto wa miaka mitatu hasumbui? Wewe ulinisumbua mpaka nikatamani kukugawa. Hebu niambie, ukimwita anaitika? Nijibu hilo tu, mengine tutaongea.

Mama yako

Kijenge, 2 Agosti 1996

Mama,

Shikamoo. Habari za goti? Nisamehe kwa kimya changu. Swali lako nililiogopa.

Haitiki. Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi. Nilirudi mchana nikamkuta amekaa mbele ya kioo cheusi cha televisheni, anatabasamu, anatikisa kichwa taratibu, kisha anatulia kama anayesubiri mwenzake amalize. Nilimwita mara nne. Nilipomgeuza uso alinitazama kidogo tu, akarudi kwenye kioo, akacheka. Mama, namwogopa mwanangu mwenyewe. Nilitafuta neno la kumwambia nikakosa, nimezoea kunyamaza.

Jumamosi ijayo namleta akae nawe. Msemeshe, kwa lugha yoyote.

Mwanao, Penina

Poli, 17 Septemba 1996

Mama Nice,

Marahaba, mwanangu. Tu wazima kwa neema ya Mungu. Nice anakula, ndizi na maziwa vimemkubali. Mimi na Elisaria tunamsemesha tangu kukamua mpaka sala ya jioni, Kimeru na hicho Kiswahili chetu cha mlimani. Bado hajasema neno, ila sasa ananifuata zizini.

Nikueleze la Jumapili ulipokuja kumwona, maana uliondoka una furaha nikashindwa kukuambia. Ulipiga magoti mbele yake, ukawa unaongea huku unalia, naye akaja mwenyewe akashika kifungo cha blauzi yako. Ukasema, "Mama, amenitambua." Alikizungusha polepole, anakutazama mdomo. Furaha ikakukaba, ukanyamaza. Akakiachia, akaenda kukaa.

Wiki za kwanza alifanya hivyohivyo kwenye sweta langu kila nilipomwimbia. Nilidhani anacheza. Hachezi, Penina. Anatuzima.

Mimi nilikataa kuzimika. Alizungusha, nikaimba, akazungusha mpaka kifungo kikang'oka, nami naimba tu, hadi akaacha mkono wake kifuani kwangu akasikiliza. Wewe ulinyamaza. Njoo tena Jumapili hii, na akikushika, endelea kuongea.

Mama yako