Lami ya Gazetini

Jumatatu, 4 Mei 2026

Eddah Adoyo hatagombea kiti chochote mwakani. Kasema mwenyewe, kwa simu, kabla sijamaliza kikombe cha kwanza.

Kosa ni langu. Gazeti letu la wiki lilitoka jana na makala yangu: ingekuwaje kama mwaka wa 2013 mwandishi huyu wa riwaya, jina kubwa kuliko yote hapa Bureti, angekubali tikiti ya ubunge aliyoletewa nyumbani badala ya kuikataa? Nikampa vipindi viwili bungeni, na lami kutoka Roret hadi kituo cha majani chai. Kujifurahisha tu.

"Mbuthia, umenifanya mheshimiwa bila kuniuliza!"

Nikamkumbusha kichwa cha makala: INGEKUWAJE.

"Hapo wasomaji wako waliruka. Wakaanzia kwenye lami."

Amebakisha sura mbili za riwaya mpya, anataka utulivu. Jumapili ijayo akanushe, ukurasa uleule. Nimemwahidi.

Jumanne, 5 Mei

Nimefika kwake. Foleni langoni! Mbele kabisa Mosonik, mkulima wa chai, gamboots miguuni, gazeti kwapani.

"Mama, lami yetu iko wapi?"

"Iko kwa gazeti. Uliza huyu."

Wote wakanigeukia. Vicheko — lakini lori la majani halijapita matope ya barabara yao tangu Jumamosi. Walichochuma kimegeuka kahawia bandani.

Eddah akawapikia chai ya maziwa, wote. Nikamnong'oneza: hapa ukiwapa watu chai langoni mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, umeanza kampeni.

"Nimewapa kwa sababu wamenyeshewa."

Kila mgombea husema hivyo.

Alhamisi, 7 Mei

Mwakilishi wadi kapiga simu, anafoka. Barabara ile ni yake, huyo mama asijipenyeze! Nikauliza: ipi, ya matope au ya gazetini? Akakata.

Mchana — katuma greda kusawazisha barabara! Wakulima wameiomba miaka na miaka. Mosonik kanipigia, karibu aimbe. Kisha sauti ikashuka: "Mwambie Mama asikatae haraka. Akikataa, hii kitu inageuza hapo hapo."

Jumamosi, 9 Mei

Kanusho liko tayari. Mhariri wangu, Mwihaki, analingoja Nakuru hadi saa kumi jioni. Nimempelekea Eddah alipitishe. Sebule imejaa wakulima. Greda imefika darajani. Kimebaki kipande cha mteremko, kibaya kuliko vyote.

"Nyamaza tu, Mama," Mosonik kasema. "Kunyamaza si uongo."

"Hivyo ndivyo wanasiasa husema."

"Basi si umeshaanza!"

Hata yeye kacheka. Kisha akatazama mvua dirishani. Riwaya iko mezani, haijaongezwa neno wiki nzima.

Nikamuuliza rasmi: anagombea au hagombei?

"Nitatoa taarifa wakati ufaao."

Nimeandika habari za siasa miaka ishirini na sita. Sentensi hiyo naijua. Sikuwahi kumwona mtu akiitamka kwa aibu.

Mwihaki kaichapa hivyo hivyo. Kanusho nimebaki nalo mfukoni.

Dereva wa greda anasema atamaliza Alhamisi. Taarifa ni Ijumaa tarehe 15, saa nne asubuhi, kwenye kituo cha majani. Eddah anasema itakuwa sentensi moja tu, kisha arudi kwenye sura zake.

Mosonik ameshakodi tenti na spika.