Mpokeaji Ni Mimi

Nyumba Namba 9, Ghorofa ya Pili,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hamjambo huko mbali? Wifi na watoto wazima? Mgongo wako umepoa? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, na ulimi wake bado wembe.

Barua yako nimeipata. Umesema mama wa watoto wanne kama mimi, mwenye miaka arobaini na moja, aachane na mpira wa wavu. Nimekusikia, kaka. Siachi.

Sikiliza yaliyonipata. Mwezi wa tatu timu yetu ya kiwanda cha mikate ilifungwa, na kosa lilikuwa langu: kila sevu, mpira wa kuanzishia, niliyopokea ilikwenda kombo. Kocha wetu, yule mtunza stoo, akasema mbele ya watu, "Mikono yako mbao. Mpira ukija, wapishe wenzako." Wakacheka. Nikaenda kulia kwenye chumba cha unga, nikatoka mweupe kama mzimu. Wakacheka tena.

Basi nikamfuata mpangaji mipira wetu, yule anayewainulia wapigaji mpira, tunamwita Twiga. Kila tukitoka zamu alinirushia mipira mia moja uani, nyuma ya tanuri. "Miguu, dada, miguu!" alifoka. "Uwahi mpira! Mikono isipige, iungoje tu!" Mikono ilivimba hata kukanda unga kukawa adhabu. Wiki ya sita, mpira ukaanza kunitii.

Jana tumecheza na kiwanda cha sabuni, nami nikaingizwa kutoka benchi. Sifa zangu mbaya walikuwa nazo, wakanielekezea mimi kila sevu. Ya kwanza ilinishinda. Kocha akasimama, akaniita nje.

"Sitoki," nikamwambia.

"Nani kocha hapa?"

"Wewe. Na mpokeaji ni mimi."

Akakaa.

Kaka, sevu tisa mfululizo nilizifikisha kwenye vidole vya Twiga, taratibu kama mtu anayekabidhi yai. Seti ya mwisho tulifungwa kwa pointi mbili, sikufichi. Lakini kufikia hapo walishaacha kunipigia mimi, walimtafuta mwingine.

Tukivua viatu, kocha akanijia. "Jumamosi utaanza," akasema.

"Najua," nikamjibu.

Nisalimie wifi, na wale pacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mama anakuombea usiku na mchana. Mungu aipokee dua yake, akurudishe salama. Na ukitaka kunikataza tena, njoo unikataze ukiwa umesimama ng'ambo ya wavu.

Ndimi nikupendaye, hata ukinuna,
Kitindamimba wenu.